Daftari la mtoto nalo livuke mpaka

Mama mmoja anayeuza mayai na nanasi Busia alitufungulia kikapu chake wiki hii. Chini ya kitenge alichokikunja mlikuwa na madaftari matano ya shule, yale membamba ambayo mgonjwa hununua dukani kabla ya kuingia kwa daktari. Matatu yana mihuri ya zahanati na hospitali za upande wa Uganda, mawili ya upande wa Kenya. Yote ni ya mtoto mmoja, kifungua mimba wake, ambaye sasa ana miaka 9.

Tuliyapanga kwa tarehe, tukayasoma kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Hakuna mtaalamu wa afya aliyewahi kupata nafasi hiyo, kwa sababu kila mara mama alikwenda na daftari la upande aliokuwapo siku ile, na mengine yakabaki nyumbani au kwa dada yake ng'ambo ya pili.

Akiwa na miezi 8, mikono na miguu ilivimba na mtoto akalia kila alipoguswa. Alipewa dawa ya maumivu, mama akaambiwa huenda ni wadudu. Akiwa na mwaka na miezi 2, homa kali na damu pungufu. Ikaandikwa malaria, akaongezewa damu. Miaka 2 na nusu, macho ya manjano, ini. Miaka 4, miguu inauma nyakati za mvua; baridi yabisi. Miaka 5, nimonia, akalazwa siku 9. Miaka 6, damu tena. Kisha, akiwa na miaka 7, penseli ilimdondoka darasani, mdomo ukaenda upande, na mkono wa kulia ukakataa kuinuka. Kilikuwa kiharusi, kwa mtoto wa darasa la pili.

Ni siku hiyo ndipo muuguzi mmoja alipouliza, "Mama, huyu mtoto hajawahi kupimwa sikoseli?" Naye akajibu, "Sista, hiyo nilisikia ni ya watoto wa wengine. Wangu waliniambia ni malaria."

Kipimo kilifanyika, na jibu likaja ndani ya juma hilo hilo. Miaka 7 ya kuhangaika, miezi mingi ya soko iliyopotea, mtaji uliokopwa kwenye kikundi mara tatu na kuliwa na hospitali mara tatu, na jibu lilikuwa ndani ya tone la damu ambalo lingeweza kuchukuliwa kisiginoni siku aliyozaliwa.

Gazeti hili huandika sana juu ya ushuru, foleni za malori na bei ya mahindi. Leo tunaandika juu ya selimundu, au sikoseli kama wengi wetu tunavyoiita, kwa sababu wasomaji wetu wanaoishi kwa kuvuka mpaka wamo miongoni mwa wanaoweza kucheleweshewa jibu hilo kirahisi zaidi, na kwa sababu ucheleweshaji huo unaweza kuondolewa.

Kwanza tuseme ni ugonjwa gani. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, hupenya kwenye mishipa myembamba bila shida. Kwa mwenye selimundu chembe hizo hujikunja zikawa ngumu, umbo la mundu wa kuvunia mpunga. Hufanya hivyo hasa mwili unapokosa maji, unapopigwa na baridi, unapopata homa au hewa inapopungua. Zikishajikunja hukwama, na sehemu ya mwili iliyo mbele yake hukosa damu. Tena hazidumu: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto huwa na damu pungufu kila wakati na macho yake huwa ya manjano.

Damu hufika kila mahali, na ugonjwa huu nao hufika kila mahali. Leo ni vidole, kesho wengu, keshokutwa mapafu, baadaye ubongo, nyonga, figo, macho. Ukiuona kipande kimoja tu unafanana na ugonjwa mwingine unaojulikana. Kwa hiyo hatuandiki haya ili kuwashambulia matabibu waliojaza yale madaftari matano. Aliyeona mapafu alitibu mapafu, na nimonia ile ilikuwa nimonia kweli. Aliyeandika malaria huenda aliiona malaria kwa darubini. Katika ukanda wa ziwa mtoto mwenye homa na damu pungufu ana malaria mara nyingi, na mwenye selimundu huipata vilevile na humuumiza zaidi. Walichokosa ni kurasa zilizotangulia.

Tangu ulipoandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya utabibu wa Magharibi, ugonjwa huu umewafuata wasafiri. Mgonjwa aliyeelezwa na daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910 alikuwa mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekwenda Marekani kusomea udaktari wa meno. Alikuwa na vidonda mguuni, kifua, na upungufu wa damu, na madaktari walimfuatilia kwa zaidi ya miaka 2 kabla Herrick hajaandika habari zake. Alirudi kwao, akafanya kazi yake ya meno, akafariki mwaka 1916 kwa nimonia.

Lakini makao ya selimundu ni huku kwetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa maelfu ya miaka, mahali penye mbu wengi, watoto wa namna hiyo walinusurika na kukua, nao wakakirithisha. Chukua ramani ya malaria uiweke juu ya ramani ya njia zetu za biashara: Busia na Malaba, bandari za Kigoma na Kalemie, Horohoro na Lunga Lunga kule pwani. Ni nchi ile ile.

Uganda ilifanya kazi ya kupigiwa mfano. Ilichukua matone ya damu ya watoto wachanga yaliyokwisha kukusanywa nchi nzima kwa ajili ya kupima virusi vya UKIMWI, ikayapima tena kwa ajili ya selimundu. Matokeo ya sampuli zaidi ya 97,000 yalichapishwa mwaka 2016. Watoto 13 hivi kati ya kila 100 walikuwa na kinasaba kimoja, na 7 kati ya kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Wilaya za kaskazini na mashariki zilikuwa juu ya wastani, zile za kusini magharibi chini yake. Kwa upande wa Tanzania, inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwamba katika Afrika zaidi ya nusu ya watoto wa namna hii hufariki kabla ya kutimiza miaka 5, na wengi wao huzikwa bila mtu kujua walikuwa na nini. Inaandikwa malaria, au inasemwa ni jicho la mtu.

Hapa tuingize neno juu ya ukoo, maana mama wa Busia alikaa miezi 4 kwa wazazi wake baada ya jibu kutoka. Upande wa mume ulisema ugonjwa umetoka kwao. Haukutoka kwao peke yao. Mtoto hupata selimundu akirithi kinasaba kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama, wote wawili wakiwa wazima wa afya, hawajui, wanabeba magunia kama wengine. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa, na hesabu huanza upya kila mara. Kuzaa mmoja mgonjwa hakuwahakikishii watatu wazima. Anayemrudisha mkewe kwao kwa sababu hiyo anapaswa kujirudisha na yeye.

Sasa tuje kwenye suala la muda, kwa sababu ndilo lenye uchungu zaidi. Dalili za kwanza huwa hazionekani hadi mtoto afikishe miezi 6 hivi, kwa kuwa damu aliyokuja nayo kutoka tumboni bado humlinda. Hiyo ni nafasi ya dhahabu, na kinachoweza kufanywa ndani yake hakihitaji hospitali kubwa. Penisilini kila siku hadi miaka 5: mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba dawa hii ya kawaida ilipunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84, hata utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima kundi la pili. Chanjo ya nimonia. Kinga ya malaria na chandarua. Maji ya kutosha. Na mkono wa mama.

Hili la mkono wa mama tulieleze vizuri. Wengu wa mtoto mwenye selimundu unaweza kuvimba ghafla na kunyonya damu yake nyingi kwa saa chache, na mtoto akafa kabla jua halijazama. Huko Jamaika, kuanzia miaka ya 1970, wazazi walifundishwa kupapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto chini ya mbavu, wakimwosha, wajue ukubwa wa kawaida wa wengu wake, na wakimbie hospitali siku wakiukuta umekua. Vifo vya namna hiyo vilishuka sana. Hakuna mashine katika jambo hilo. Lakini mama hawezi kupapasa wengu wa mtoto ambaye hajaambiwa kwamba ni mgonjwa.

Kisha kuna haidroksiyurea. Ni dawa ya kumeza, imekuwapo miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba haifai kwetu, eti italeta malaria na maambukizi. Basi utafiti ukafanywa kwa watoto 606 katika nchi nne za Afrika: Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Kwetu ulifanyika Kinshasa, Kilifi na Mbale, na Mbale si mbali na Malaba. Matokeo yalipotoka mwishoni mwa mwaka 2018, maumivu yalikuwa yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, malaria yenyewe imepungua, na vifo vimepungua. Dawa hii pia hupunguza hatari ya kiharusi. Mtoto wa madaftari matano alizaliwa mwendo mfupi tu kutoka mahali ushahidi huo ulipopatikana, na aliianza baada ya kupooza mkono.

Dawa hii si ya kujinunulia kama panadoli. Inataka damu ipimwe mara kwa mara na kipimo cha dawa kirekebishwe kulingana na uzito wa mtoto, yaani inataka kumbukumbu. Ndipo tunaporudi mpakani.

Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ianze kutumika Julai 2010, tumeona mambo yakirahisishwa, si yote, lakini mengi. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, anapata cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo kwenye kituo, na afisa wa upande wa pili anakitambua. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, kimewaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Lori linavuka likiwa na bima ya kadi ya njano ya COMESA, na likimgonga mtu nchi ya pili, bima inalipa. Dereva wake ana kadi nyingine ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, nayo inatambulika dunia nzima.

Kwa hiyo lori lina karatasi inayovuka, dereva ana yake, na trei za mayai zina yake. Mtoto mgonjwa ana daftari ambalo muuguzi wa ng'ambo hulisukuma pembeni na kusema, "Nunua la kwetu."

Tukiambiwa kwamba kumbukumbu za afya ni jambo gumu, kwamba kila nchi ina mfumo wake, tutakumbushana mwaka 2020. Madereva walikwama Malaba na Busia kwa siku kadhaa, foleni za malori zikafika kilomita nyingi, wakisubiri majibu ya korona. Biashara ilipoanza kuumia, nchi za Jumuiya ziliketi, zikakubaliana kutambuana majibu ya maabara, na mfumo wa simu wa kumfuatilia dereva na cheti chake ukaanzishwa mwaka huo huo. Ilichukua miezi, si miaka. Na Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya inazitaka nchi wanachama kuoanisha sera za afya na kupashana habari za afya. Maneno yapo, na njia imeshapitwa mara moja.

Tunachotaka ni kidogo. Kila kituo cha afya kilicho katika miji ya mpakani, pande zote mbili, kimpime selimundu kila mtoto mchanga anayezaliwa hapo au anayeletwa kwa chanjo zake za kwanza, bila kumuuliza mama kitambulisho cha nchi gani. Vipo vipimo vya tone moja la damu vinavyotoa jibu ndani ya dakika kama 10, bila umeme wala maabara. Jibu liandikwe kwenye kadi moja, ya karatasi ngumu, yenye maandishi yale yale pande zote mbili: jibu la kipimo, kiwango cha damu cha kawaida cha mtoto huyu, dawa anazotumia na kipimo chake, ukubwa wa wengu wake, mara alizoongezewa damu. Tunasema karatasi kwa makusudi. Miradi ya kompyuta mpakani tumeiona ikizinduliwa kwa keki na kufungwa kwa kukosa intaneti, na kadi ya kliniki ya mama na mtoto haijawahi kuishiwa chaji.

Wapo watakaosema kwamba hatuwezi kubeba watoto wa nchi jirani wakati wa kwetu hawajatoshelezwa. Hoja hiyo tunaisikia hata kwa wafanyabiashara wenyewe, kwa hiyo tusiipuuze. Lakini angalia yale madaftari. Hospitali za nchi zote mbili zilishambeba mtoto huyu: chupa za damu, siku za kitanda, dawa za sindano, vipimo vya ini ambalo halikuwa na tatizo, sasa mazoezi ya viungo kila wiki. Damu hiyo ilitolewa na raia kwa hiari yao. Tayari tunalipa, na tunalipia mwisho wa safari ambako kila kitu ni ghali. Mtoto aliyetambuliwa mapema, anayemeza penisilini na haidroksiyurea, huja hospitali mara chache zaidi kuchukua damu ya mtu, awe ni wa upande gani.

Kuhusu dawa yenyewe, mawaziri wa afya wanaokutana Arusha waache kila nchi ihangaike peke yake na wauzaji. Tunanunua ndege na treni kwa majadiliano ya marais. Vidonge hivi vinunuliwe kwa pamoja, ili mama asimpe mtoto nusu dozi kwa sababu shilingi ya upande mmoja imeshuka wiki hiyo. Hilo limetokea, na ukurasa wake upo katika daftari la tano.

Na wewe unayesoma haya ukisubiri mzigo wako ugongwe muhuri, huhitaji kuwasubiri mawaziri. Kama una mtoto aliyewahi kuvimba mikono au miguu akiwa mchanga, aliyeongezewa damu zaidi ya mara moja, au ambaye macho yake ya manjano hayaishi, mpeleke ukaombe kipimo cha selimundu kwa jina lake. Usiseme tu ana homa. Madaftari yake yote, ya pande zote, yafunge kwa uzi mmoja uyabebe pamoja, hata kama muuguzi atauza la sita. Ukilazimika kusafiri naye usiku kwenye baridi, mfunike na umpe maji njiani. Gari lisiposimama, lidai lisimame. Na baba, pima na wewe.

Mama wa Busia amerudi sokoni. Kijana wake anaandika kwa mkono wa kushoto sasa, na mwalimu wake anasema hesabu zake ni nzuri. Anameza dawa, na mwaka huu hajaongezewa damu. Ana mdogo wake wa kike, miezi 4, mnene, anacheka na kila mpita njia akiwa mgongoni mwa mama katikati ya trei za mayai. Alizaliwa upande mmoja na anapata chanjo upande wa pili. Tuliuliza vituo vyote viwili. Kila kimoja kilidhani kingine kilishampima. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa hajapimwa, na mama alituahidi kwamba atampeleka Jumatatu, mzigo ukishauzwa.